Kompyuta moja, waulizaji wanne: kisa cha nywila kwenye steshenari ya Dar es Salaam

Kisa hiki ni cha steshenari moja iliyopo Kinondoni. Jina la duka, mtaa wake na ofisi iliyowahi kumiliki kompyuta husika nimeviondoa. Wahusika nawataja kwa nafasi zao tu: mwenye duka, binti wa kaunta na mpwa wa mwenye duka. Nawaandikia mafundi wenzangu na watu wenye maduka madogo, kwa sababu ombi la "fundi, niondolee hiyo paswedi" ni la kila siku, na wengi wetu hulijibu haraka mno.

Duka na mashine zake

Duka lina laptopu mbili za Windows 10 na dekstopu moja ya zamani yenye Windows 7 Professional. Laptopu zinakaa mezani mchana, jioni zinafungiwa kabatini. Dekstopu inakaa chini ya kaunta siku zote, kwa sababu imefungwa na printa ya leza ya zamani inayotumia waya mnene wa pini 25. Tundu la waya huo halipo kwenye laptopu. Printa yenyewe ni ngumu, tona yake inajazwa kwa bei nafuu, na mwenye duka hataki kusikia habari ya kuibadilisha. Kwa hiyo laptopu zikitaka kuprinti, lazima zipitie dekstopu kwa njia ya mtandao wa ndani.

Dekstopu ilinunuliwa Kariakoo, imetumika. Kabla ya hapo ilikuwa mali ya ofisi fulani, na aliyeiuza hakuisafisha. Alitengeneza akaunti mpya yenye mamlaka ya msimamizi, akaweka nywila, akaandika nywila hiyo kwenye kipande cha karatasi. Karatasi hiyo ilikuwa bado imebandikwa pembeni ya skrini nilipofika.

Asubuhi ya kawaida ilikuwa hivi. Binti anawasha swichi kuu, maana usiku huzimwa. Dekstopu inawaka, inasimama kwenye skrini nyeusi na kutaka ibonyezwe F1. Anabonyeza. Inafuata skrini inayotaka vitufe vitatu kwa pamoja, kisha tangazo refu la ile ofisi ya zamani kwamba mashine ni mali yao na asiyehusika asiguse. Anabonyeza sawa. Ndipo kinakuja kisanduku cha jina na nywila, na chini yake jina la mtandao wa ofisi ileile. Ili aingie, inabidi aanze na nukta na mkwaju wa nyuma (.\) kabla ya jina la akaunti, la sivyo inamkatalia. Hakujua kwa nini. Alikuwa ameonyeshwa tu na aliyemtangulia.

Na hapo siku ndiyo imeanza. Mchana laptopu nazo zinauliza jina na nywila kila zikitaka printa, na programu ya barua pepe kwenye dekstopu inauliza nywila ya Gmail bila kukubali jibu lolote.

Kilichofanyika kabla sijaitwa

Mpwa ni kijana mwerevu, anasoma chuo, na alifanya ambacho wengi wangefanya: alitafuta video, akafuata. Hatua zake nazieleza kwa kirefu kwa sababu kila moja ilikuwa sahihi mahali pengine, na kila moja ilizaa tatizo la inayofuata.

Kwanza aliingia kwenye rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio yake ya ndani, sehemu ya Winlogon inayosimamia kuingia, akaweka AutoAdminLogon kuwa 1 ili mashine ijiingize yenyewe, na kuandika nywila kwenye DefaultPassword. Kwa kompyuta ya nyumbani njia hii hufanya kazi. Hapa iligoma, kwa sababu mbili ambazo video haikuzigusa. DefaultDomainName ilikuwa bado na jina la mtandao wa ofisi ya zamani, kwa hiyo Windows ilikuwa inaitafuta akaunti hiyo mahali isipokuwepo. Pili, lile tangazo la ofisi huzuia kuingia kwa otomatiki. Likiwepo, Windows husubiri mtu wa kulikubali. Mpwa aliona imeshindikana, akaendelea na njia nyingine, akaacha nywila imeandikwa waziwazi kwenye rejista, ambapo yeyote aliyekaa kwenye mashine angeisoma.

Hatua ya pili ilikuwa kuifuta nywila kabisa. Binti alifurahi, sasa ilikuwa Enter tu. Lakini siku hiyohiyo laptopu zote mbili ziliacha kuprinti. Zilileta kisanduku cha jina na nywila, na nywila tupu haikukubalika. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila fundi alijue: tangu Windows XP, akaunti isiyo na nywila inaruhusiwa kuingia kwa mtu aliyekaa mbele ya kibodi tu. Ikijaribu kutumika kupitia mtandao inakataliwa, hata jina likiwa sahihi. Hilo limewekwa makusudi. Kwa hiyo alipozima swali moja kwenye dekstopu, aliwasha mengine mawili kwenye laptopu.

Mpwa akaenda hatua ya tatu: kwenye mipangilio ya kushea alizima sharti la nywila. Hapo Windows 7 huiamsha akaunti ya mgeni na kumpokea kila anayebisha. Laptopu moja ikaprinti. Ya pili ikagoma, ikatoa ujumbe kwamba sera za usalama za taasisi haziruhusu mgeni asiyethibitishwa. Duka halina taasisi wala sera, kwa hiyo kila mtu alibaki ameshangaa. Sababu ni toleo: laptopu ya kwanza ina Windows 10 Pro, ya pili ina Enterprise, ile ya makampuni, na kuanzia toleo la 1709 Enterprise hukataa kuingia kwenye mashine nyingine kama mgeni. Mashine mbili zinazofanana kwa sura, moja inakubali na nyingine inakataa. Mafundi wengi hapa huanza kupiga Windows upya.

Ili kuisaidia hiyo ya pili, mpwa alirudisha sharti la nywila kwa muda, akaweka nywila nyingine, akaiunganisha printa kwa kutumia anwani ya IP ya dekstopu, yaani namba yake kwenye mtandao, badala ya jina lake, na kuweka alama ya kukumbuka nywila. Ilikaa siku chache. Rauta ilipozimwa na kuwashwa, dekstopu ikapewa anwani nyingine. Kwa laptopu, anwani mpya ni mashine mpya, na kumbukumbu ya nywila ilikuwa imefungwa kwenye anwani ile ya zamani. Kisanduku kikarudi. Akachoka, akafuta nywila tena na kuzima sharti tena.

Hali niliyoikuta ndiyo hiyo: dekstopu haina nywila, mgeni anakaribishwa, na diski yote ya D imesheawa kwa kila mtu. Diski D ndiyo wanakohifadhi skani za wateja: vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, barua za benki, vyeti vya kidato cha nne. Na waifai ya duka hupewa wateja ili watume nyaraka zao. Yaani mteja aliyekaa kwenye benchi na laptopu yake angeweza kufungua vyeti vya mtu aliyemtangulia kwenye foleni.

Kujua nani anauliza

Mwenye duka alinipokea na maelezo mafupi. Nilipomwamkia alijibu, "Marahaba mwanangu. Mimi sitaki mambo mengi. Nataka iwake tu, isiniulize chochote. Mteja amesimama na barua yake ya maombi ya kazi, basi la kwenda kuipeleka linapita, na hii inaniuliza jina langu."

Nilimwuliza kwanza risiti ya manunuzi. Alikuwa nayo. Risiti si urasimu tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa, na mashine inayotangaza asubuhi kuwa ni mali ya ofisi fulani inastahili swali hilo kabla mtu hajaigusa.

Kisha sikugusa mipangilio. Nilikaa pembeni, binti akafanya kazi zake, na kila kilipotokea kisanduku nilimwomba anisubiri kidogo nione kimetoka wapi. Ilibainika kwamba kinachoitwa "paswedi" dukani hapo kilikuwa waulizaji wanne tofauti, wasiojuana.

Wa kwanza ni bayosi, programu ya mazabodi inayoamka kabla ya Windows, ile skrini ya F1. Hiyo haikuwa ikiomba nywila hata kidogo. Ilikuwa inasema betri ya mazabodi imekufa na saa imepotea. Umeme ukizimwa usiku, tarehe inarudi nyuma miaka mingi. Wanaoiona wanabonyeza na kuendelea, lakini tarehe mbovu inaharibu mbele: kivinjari kinalinganisha cheti cha usalama cha tovuti na saa ya mashine, kinaona cheti hakijaanza hata kutumika, kinakataa kufungua. Binti alikuwa na mazoea ya kurekebisha saa kwa mkono kila anapokumbuka.

Wa pili ni Windows yenyewe, ikiwa bado imejiunga na domeni, yaani mfumo ambao ofisi hutumia kuongoza kompyuta zake zote kutoka seva moja. Ofisi haipo tena, seva haionekani, lakini mashine inaendelea kusubiri amri kama mtumishi ambaye bosi wake alihama bila kumuaga. Vitufe vitatu, tangazo, na ile nukta yenye mkwaju vyote vilitoka hapa. Hata saa: mashine iliyo kwenye domeni huomba saa kwa seva ya domeni, haiendi kwenye intaneti kuitafuta. Ndiyo maana haikujirekebisha hata siku moja.

Wa tatu ni huduma ya kushea printa, niliyokwisha kuieleza.

Wa nne alikuwa Google. Programu ya zamani ya barua pepe ilikuwa inatuma jina na nywila moja kwa moja, njia ambayo Google iliifunga kwa akaunti binafsi tarehe 30 Mei 2022. Nywila ilikuwa sahihi, njia ndiyo iliyokufa. Mpwa alishaibadilisha nywila ya Gmail akidhani imekosewa, matokeo yake simu ya mwenye duka ikatolewa kwenye akaunti nayo ikaanza kuuliza. Malalamiko ya simu hayakuwa hata kwenye orodha niliyopewa. Yalijitokeza tukiwa tunakunywa chai.

Maamuzi na sababu zake

Kabla ya lolote nilinakili diski D kwenye diski ya nje. Nikahakikisha pia hakuna mafaili yaliyofungwa kwa usimbaji wa Windows. Kwenye Windows 7 majina yake huonekana kwa rangi ya kijani. Hakukuwa na hata moja.

Betri ilikuwa rahisi: CR2032 ya volti 3, ile bapa ya duara inayopatikana kwenye maduka ya saa. Nikaiweka, nikaingia bayosi, nikapanga tarehe. Muulizaji wa kwanza akanyamaza.

Kuiondoa mashine kwenye domeni kunahitaji mpangilio. Ukiitoa huku huna akaunti ya ndani yenye mamlaka ya msimamizi unayoijua kwa uhakika, umejifungia nje. Kwa hiyo nilianza kwa kuunda akaunti ya msimamizi kwa ajili ya mwenye duka, nikaiwekea nywila, nikatoka na kuingia nayo kuthibitisha. Ndipo nikabadilisha uanachama kutoka domeni kwenda kikundi cha kawaida cha mtandao. Windows ilileta kisanduku kingine ikitaka jina la mtu wa domeni mwenye ruhusa ya kuiondoa. Hapo wengi husimama wakidhani wanahitaji nywila ya ile ofisi. Jina la msimamizi wa ndani linatosha. Seva haipo, Windows inalalamika kwamba haikuweza kuifuta akaunti ya mashine kule, kisha inaendelea.

Tangazo la ofisi halikuondoka na domeni. Lilikuwa limeshakaa kwenye sera za ndani za mashine, nikalifuta kupitia secpol.msc, dirisha la Windows la kupanga sera hizo, kichwa chake na maandishi yake. Sharti la vitufe vitatu nalo nilizima humohumo. Kwenye rejista nikafuta ile DefaultPassword.

Kulikuwa na folda za watumiaji watatu wa ofisi ya zamani, na ukubwa wake ulionyesha zina nyaraka. Sikuzifungua. Mwenye duka alimpigia aliyemuuzia, akajibiwa, "Futa tu mama, hao walishafunga." Tulizifuta, kisha nikaendesha cipher /w usiku kucha ili nafasi iliyoachwa wazi iandikwe juu na mafaili yasifufuliwe. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 1, 2023, nimekuwa mkali kidogo kwa jambo hili, ingawa ningelifanya hata bila sheria.

Sasa likaja swali lenyewe: mashine iwe na nywila au isiwe nayo? Mwenye duka hakutaka. Kulikuwa na sera ambayo ningeweza kuilegeza ili akaunti isiyo na nywila ikubalike hata mtandaoni, na kila mtu angefurahi kabla ya chakula cha mchana. Niliikataa kwa sababu ya ile waifai ya wateja. Nikamweleza hivi: akaunti itakuwa na nywila, ila mashine itajiingiza yenyewe ikiwaka. Kwa mtu aliyeko kaunta hakuna swali, kwa mtu aliyeko mtandaoni swali lipo. Alifikiri kidogo, akauliza, "Kwa hiyo mimi sitaiandika?" Hutaiandika mama. "Basi iweke."

Nilitengeneza akaunti ya kaunta, mtumiaji wa kawaida asiye na mamlaka ya kusakinisha kitu, nikampa nywila, kisha kwa netplwiz, dirisha la Windows la kusimamia akaunti, nikaondoa alama kwenye kile kisanduku kinachodai kila mtumiaji aingize jina na nywila. Tofauti ya njia hii na ile ya video ni kwamba hapa Windows huihifadhi nywila ikiwa imesimbwa. Si kinga kamili, maana mwenye mamlaka ya msimamizi anaweza kuichimbua, lakini haikai wazi. Kumbuka pia kwamba kisanduku hicho hakionekani kabisa mashine ikiwa kwenye domeni. Mpwa aliwahi kukitafuta akakikosa, na ndipo alipokimbilia rejista.

Kwa printa nilitengeneza akaunti ya tatu, ya kuprintia tu, na kwenye sera za ndani nikaizuia isiweze kuingia kwa kukaa mbele ya kibodi. Sharti la nywila la kushea nikalirudisha, mgeni nikamfunga, diski D nikaiondoa kwenye kushea. Akaunti hiyo nikaiwekea alama kwamba nywila yake haiishi muda. Usipofanya hivyo, sera ya kawaida ya Windows 7 huiua nywila baada ya siku 42, na fundi anaitwa tena kwa tatizo lilelile. Kwenye laptopu zote mbili nikafuta kumbukumbu zote za zamani ndani ya Credential Manager, mahali Windows inapohifadhi nywila, nikaiunganisha printa kwa jina la dekstopu, nikaingiza akaunti ya kuprintia mara moja na kuihifadhi. Enterprise ilikubali bila neno, kwa kuwa haikuwa tena inaingia kama mgeni.

Uamuzi wa mwisho ndio uliobishaniwa. Windows 7 iliacha kupata marekebisho ya usalama ya kawaida tarehe 14 Januari 2020, na Chrome ya mwisho inayokubali kukaa humo ni ya 109. Mashine ya namna hiyo, yenye skani za vitambulisho, sikutaka iendelee kuingia intaneti. Nikaipa anwani ya IP ya kudumu na nikaacha tupu nafasi ya lango (gateway), yaani anwani ya kutokea kwenda intaneti. Inaziona laptopu na printa inafanya kazi, ila haina njia ya kutoka nje. Programu ya barua pepe nikaiondoa. Gmail ya duka inafunguliwa kwenye laptopu kwa kivinjari.

"Na WhatsApp?" binti akauliza. Wateja wengi hutuma nyaraka kwa WhatsApp, naye alikuwa anazifungulia kwenye dekstopu. Nikamwambia, dada, sasa utazipokea kwenye laptopu na kuprinti kutoka hapo hapo. Hakupenda.

Matokeo

Jioni tulizima swichi kuu kama kawaida ya duka, na asubuhi binti alifungua mwenyewe bila mimi kugusa. Dekstopu iliwaka mpaka kwenye eneokazi bila kusimama, tarehe ikiwa sahihi. Laptopu ziliprinti zote mbili. Rauta ilizimwa na kuwashwa makusudi, printa ikaendelea.

Malalamiko mapya yalikuja upande niliotarajia. Kazi zote za intaneti sasa zilikuwa kwenye laptopu mbili, na asubuhi, watu wanapokuja kujaza maombi ya ajira na mikopo ya chuo, foleni ilikuwa kwenye laptopu wakati dekstopu imekaa bure. Mwenye duka alinipigia kuniambia nimemwondolea maswali nikampa foleni. Tulichokubaliana ni kwamba dekstopu ichukue kazi za kuchapa barua na kuskani, ili laptopu zibaki za mtandaoni. Foleni ilipungua. Haikuisha.

Jambo jingine: flashi za wateja. Bado zinachomekwa kwenye dekstopu kwa mazoea, na mashine hiyo haina kinga ya kisasa ya virusi. Nilielekeza zianzie kwenye laptopu. Nilipopita baadaye niliona flashi ya mtu imechomekwa chini ya kaunta.

Ile karatasi yenye nywila ilitolewa kwenye skrini. Nywila mpya ya msimamizi iko kwenye daftari la madeni la mwenye duka, ambalo halilazwi dukani. Sina ubishi na mahali hapo.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kutogusa kitu mwanzoni. Fundi akisikia "ondoa paswedi" huenda moja kwa moja kwenye akaunti ya Windows, na hapa akaunti ya Windows ilikuwa mmoja kati ya waulizaji wanne. Kama ningeanza na hiyo, ningepata skrini safi ya kuingilia na duka lisiloprinti, yaani pale pale alipofika mpwa.

Kosa la mpwa, kwa maoni yangu, halikuwa kutumia video. Ni kwamba kila hatua iliyoshindikana aliiacha ilivyo na kurundika nyingine juu yake. Nywila iliyobaki kwenye rejista, mgeni aliyefunguliwa, diski iliyosheawa, Gmail iliyobadilishwa: hakuna hata moja iliyorudishwa ilipokuwa. Ukimfundisha fundi anayeanza, mwambie aandike alichobadilisha na thamani ya awali kabla hajabadilisha. Daftari la kawaida linatosha.

Kutenganisha swali la "nani amekaa hapa" na swali la "nani anabisha kupitia mtandao" ndiko kulikotoa suluhisho lililomridhisha mwenye duka bila kumwacha wazi. Watu wengi, mafundi wakiwemo, huamini ukitaka mashine isiulize ni lazima nywila ifutwe. Kujiingiza kwa otomatiki kuna hasara yake: akiibiwa dekstopu, mwizi anaingia moja kwa moja kwenye skani za wateja. Nilikubali hasara hiyo kwa sababu mashine iko nyuma ya geti la chuma, na kwa masharti kwamba folda ya skani inafutwa kila Jumamosi. Kama dekstopu ingekuwa laptopu ya kubebwa kwenye daladala, ningemkatalia mwenye duka hata angenuna.

Kuikata intaneti ndiko ninakobaki na mashaka. Kiusalama sina shaka nako. Kiutendaji niliamua haraka kuliko nilivyopima foleni ya asubuhi, na gharama imebebwa na binti, si na mimi wala mwenye duka. Ingewezekana kuiweka dekstopu kwenye Linux nyepesi, ikabaki mtandaoni na ikaendelea kuhudumia printa kwa tundu lilelile. Nililitaja; mwenye duka alikataa kwa sababu binti amezoea Microsoft Office iliyomo, na barua za wateja zikibadilika mpangilio ni yeye anayelaumiwa. Sababu hiyo ina uzito.

Kwa wenzangu wanaotembea na flashi za kufuta nywila za watu: kwenye kisa hiki sikuihitaji, na ningeitumia kama njia ya mwisho kabisa. Nywila ikilazimishwa kutoka nje, mafaili yaliyosimbwa na nywila zilizohifadhiwa ndani ya akaunti hiyo hazifunguki tena, na mteja hugundua wiki moja baadaye.

Laptopu zote mbili bado ni Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Nimemweleza mwenye duka. Amesema kwanza alipe kodi ya fremu. Kuna pia waya wa kugeuza pini 25 kuwa USB, ambao ungeweza kuiondoa dekstopu kwenye mnyororo huu wote, ila waya hizo hazielewani na kila printa na sijapata wa kuujaribu kwenye hii. Nikiupata nitaupeleka.